Nafasi ya Kuchelewa

Dada yangu husafisha vyumba katika meli ya kitalii. Anasema kila safari ikikaribia kuisha, kuna abiria watakaomuuliza swali lile lile: "Nimekata ndege ya saa nne asubuhi. Nitaiwahi?" Yeye hutabasamu na kuwaelekeza mapokezi, kwa sababu si kazi yake kujibu. Lakini jibu analijua. Ndege ya saa nne ni kamari.

Hebu nieleze, manake sisi wa Gilgil meli tunaziona kwenye simu tu. Meli hufika bandarini alfajiri, lakini kufika si kushuka. Kwanza maafisa wa bandari na uhamiaji lazima waipe ruhusa. Mizigo, ambayo abiria waliiacha nje ya milango yao usiku ikiwa na vibandiko vya rangi, inateremshwa na kupangwa. Kisha watu wanaitwa kwa makundi, rangi kwa rangi. Waliokubali kubeba mabegi yao wenyewe ndio hutangulia. Nje kuna foleni ya pasipoti, foleni ya teksi, barabara ya kwenda uwanja wa ndege, halafu kaunta ambayo kwa safari ya kimataifa hufungwa mapema, mara nyingi saa nzima kabla ya ndege kuondoka. Ukungu ukitanda bandarini asubuhi hiyo, yote hayo yanasukumwa mbele. Ndiyo maana wazoefu huambiana: usikate ndege ya kabla ya adhuhuri, na ukiweza, lala usiku mmoja katika mji wa bandari.

Ni ushauri mzuri. Kwa muda mrefu niliuona kama jambo la hesabu tu. Siku hizi nauona kama jambo la haki, na nililiona hivyo siku tuliyomzika shosho.

Shosho ndiye aliyetulea, mimi na dada, Mama alipokuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya maua Naivasha. Alifariki Jumamosi moja msimu wa mvua ndefu. Dada alikuwa katikati ya Atlantiki. Mkataba wake ulikuwa unaisha Alhamisi, meli ikifika Barcelona, na kabla ya hapo hapakuwa na bandari ya kushukia. Tiketi ya kumrudisha nyumbani ilikuwa imeshakatwa na kampuni. Hiyo ni haki yake: Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014, unamtaka mwajiri amrudishe baharia nyumbani kwa gharama ya mwajiri. Sheria nzuri. Ila anayelipia tiketi ndiye anayechagua saa. Dada aliambiwa: ndege ni mchana, utabadilisha njiani usiku, utatua Nairobi Ijumaa saa moja na nusu asubuhi.

Mimi nilikuwa katibu wa kamati ya mazishi. Nilipewa kazi hiyo kwa sababu nina laptopu na, kama mjomba alivyosema, "huyu hana ofisi ya kukimbilia." Padri alikuwa na nafasi Ijumaa saa tano. Mama akauliza, "Na tukingoja hadi Jumamosi?" Jumamosi ilimaanisha siku moja zaidi ya mochari, siku moja zaidi ya kulisha watu waliokuwa wametoka Nyahururu na Ol Kalou, na hema kulipiwa tena. Nikafungua ramani kwenye simu. Ndege inatua saa moja na nusu. Saa mbili na nusu dada yuko nje na begi lake. Saa tano yuko Gilgil.

"Inatosha," nikasema.

Kamati ikafurahi. Hakuna anayempinga mtu mwenye ramani.

Ndege ilitua kwa wakati. Begi lilitoka. Saa nne na robo dada alinipigia akiwa Naivasha, na nikamwambia Mama anusu saa tu. Lakini anayeijua barabara yetu anajua kwamba ukitoka Nairobi unaweza kuchagua, upite juu Kinungi au chini Mai Mahiu. Ukishapita Naivasha huna ujanja. Magari ya njia zote mbili, na malori yanayoelekea Uganda, yanaingia barabara moja. Ndiyo maana kila Desemba utasikia watu wamekesha ndani ya magari pale Kikopey. Siku ile haikuwa Desemba. Lilikuwa lori moja tu, limelala kando-kando kwenye lami yenye maji, kati ya Naivasha na Gilgil. Dada akanitumia ujumbe: "Magari hayasongi."

Tulingoja. Watu waliimba nyimbo zote wanazozijua. Saa sita padri akamwita Mama pembeni, nami nikawafuata. Alikuwa na mazishi mengine Elementaita saa nane, na barabara ya kwenda huko haikuwa nzuri kwa mvua ile. Hakutufokea. Alisema tu, "Kule pia kuna mama anayeangalia saa."

Mama alinitazama. Si kwa hasira, ni kama mtu anayetafuta kitu alichokuwa amemkabidhi mwenzake. Kisha akasema, "Basi tuendelee."

Dada alifika saa saba, miguu imejaa matope kwa sababu aliliacha gari na kutembea kipande cha mwisho. Wanaume walikuwa wanamalizia kusawazisha udongo. Aliuliza kitu kimoja tu: tulimngoja hadi saa ngapi? Nikamwambia saa sita na dakika kumi. Akaitikia kwa kichwa, akaketi chini.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza ni nani aliyekosea. Padri? Hapana. Kila dakika aliyotupa sisi alikuwa anaitoa kwa familia nyingine yenye msiba kama wetu. Mama? Hapana. Dereva wa lori? Sijui lililompata. Dada hakuwa na lolote la kufanya tofauti. Hakuchagua meli ifike lini, hakuchagua ndege, hakuchagua saa ya mazishi. Mtu pekee aliyekuwa na kalamu mkononi, na nafasi ya kuandika saa tofauti, alikuwa mimi.

Kosa langu halikuwa hesabu. Hesabu ilikuwa sawa. Kosa lilikuwa kwamba sikuacha nafasi ya kuchelewa, na nafasi ile haikuwa yangu kuitumia. Tuliokoa pesa za siku moja, na hatari yote tukamtwika yule ambaye hakuwa kikaoni. Nikaita huo upangaji mzuri.

Tuna methali mbili ambazo wazee hututupia kutegemea wanavyotaka. Haraka haraka haina baraka. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Zote mbili huongea na mtu mmoja kana kwamba mwendo ni wake mwenyewe: punguza, au ongeza. Lakini ni wangapi kati yetu walio na mwendo wao wenyewe? Saa zetu zimefungwa kwenye saa za watu wengine, za dereva, za mwajiri, za padri, za afisa anayegonga muhuri.

Machi 2024, meli ya Norwegian Dawn iliwaacha abiria wanane katika kisiwa cha São Tomé. Walikuwa wametembea na kampuni ya watalii ya nje ya meli, wakachelewa kurudi, na nahodha akakataa kuwapokea ingawa meli ilikuwa bado inaonekana hapo majini. Dunia ikagawanyika. Wengine wakasema nahodha hana utu, wengine wakasema saa ni saa. Mimi naona nahodha alikuwa na hoja, ile ile ya padri: kuna watu wengi ndani ya meli, na muda wa kungoja unatoka kwao. Tena wale wanane walichagua wenyewe safari yao ya siku ile. Hawakuwa matajiri wa dakika, lakini walikuwa na uchaguzi. Halafu jambo likageuka. Abiria hao walihangaika hadi Gambia ili waipande meli Banjul, na meli yenyewe ikashindwa kuingia bandarini kwa sababu ya hali ya hewa na ya maji. Hakuna aliyeiacha meli. Waliisubiri, wakaifuata hadi Dakar, Senegal, ndipo wakaipanda.

Hilo ndilo linaloniuma. Meli ikichelewa, tunasema ni bahari. Mtu akichelewa, tunasema ni tabia. Mwenye nguvu anapewa sababu, mnyonge anapewa jina. Sisi Waafrika tumelipewa jina hilo mpaka tukalikubali, tunacheka wenyewe tukisema "saa za Kiafrika", wakati wengi tunaowacheka waliamka saa kumi usiku na bado hawakufika.

Sisemi kila anayechelewa hana hatia. Kuna anayelala hadi jua limchome kisha anasingizia matatu. Ninachosema ni kwamba dakika peke yake haitoshi kumhukumu mtu. Kabla ya kuuliza amechelewa kiasi gani, uliza alikuwa na uwezo gani wa kuwahi. Abiria anayelala usiku mmoja hotelini Barcelona kabla ya ndege yake amenunua nafasi ya kuchelewa. Hilo si baya. Ila asidhani amenunua nidhamu. Aliyesafisha chumba chake naye ana nidhamu, tena ya kuamka kabla yake kila siku kwa miezi. Kilichomkosa ni usiku ule mmoja.

Nilipaswa kulijua hili mapema kuliko wote. Niliacha chuo kwa sababu ya siku tatu. Usajili ulifungwa Ijumaa, pesa za karo zikaingia Jumatatu, kwa sababu aliyenunua viazi vyetu alilipa alipotaka yeye. Dirishani niliambiwa muda ulitangazwa mapema. Ni kweli, ulitangazwa. Nilikasirika kwa miaka miwili. Kisha nikapewa kalamu ya kamati, nami nikatangaza muda mapema.

Sina dawa kubwa. Novemba 2025 walizindua ujenzi wa kuipanua barabara yetu, Rironi hadi Mau Summit, na huenda siku moja lori moja halitazuia nchi nzima. Lakini barabara pana haitamaliza swali hili. Litabaki popote mtu mmoja anapopanga saa na mwingine anapotakiwa kuifikia. Kanuni niliyobaki nayo ni hii: anayechagua saa ndiye abebe gharama ya kuchelewa, na aiache nafasi hiyo kubwa zaidi kwa yule asiyechagua lolote. Tungelipa ile siku ya Jumamosi. Ingetuuma mfukoni, tungekopa, tungesahau.

Dada alirudi baharini, na mkataba uliofuata ukaisha tena. Alipotupigia kutoka uwanja wa ndege, nilimsikia Mama akimjibu simu jikoni. Dada alikuwa anauliza chakula ni saa ngapi, ili ajue kama atawahi.

"Hakina saa," Mama akamwambia. "Nitawasha jiko ukifika."

Alifika usiku. Tulikula usiku.