Ukoma na Mwanamke Afichaye

Ndugu zetu Waislamu, Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa kila maradhi yana dawa yake. Mbona basi mwanamke wa Garissa, au wa mitaani mwetu, aonapo baka lisilo na hisi mwilini, hulificha chini ya buibui? Huchelea talaka na maneno ya mawifi. Naye akificha, mishipa ya fahamu huharibika. Huungua jikoni asijue, na vidole hulemaa.

Ukoma si laana wala uchawi. Daktari Hansen wa Norway alikigundua kijidudu chake mwaka 1873. Tangu 1995 dawa zake hutolewa bure; hunywewa kwa miezi 6 au 12, na mgonjwa akisha kuanza kuzinywa, haukawii kuisha uambukizaji wake.

Huko Wajir, mwaka 1976, Mtaliana Annalena Tonelli aliwakalisha pamoja wafugaji wenye kifua kikuu, maradhi yaliyoonewa haya vivyo hivyo, wakanywa dawa miezi 6, na wengi wakapona.

Enyi waume, wapelekeni wake zenu hospitali mapema, wala msiwaache. Ukoma una dawa. Dhulma yetu kwa mgonjwa tutaulizwa mbele ya Mola.