Nani Astahili Kupewa Mbwa?

Katika vijiji vya Muthara, mtu atakaye mbwa hapati taabu kubwa. Mbwa jike wa jirani akizaa, mtu huenda akaomba mtoto mmoja. Na mtoto huyo akiisha kuacha kunyonya, humchukua kwenda kulinda boma, mbuzi na shamba lake. Hakuna karatasi inayoandikwa, wala mjumbe anayetumwa kukagua nyumba yake. Nairobi mambo ni mengine. Huko kiko chama cha kulinda na kutunza wanyama, kilichoanzishwa mwaka 1910 na kijulikanacho leo kwa jina la KSPCA, ambacho hupokea mbwa waliotupwa, waliopotea na walioteswa. Mtu aendaye huko kuomba mbwa huulizwa maswali, hulipa ada, na makao yake hutazamwa kabla ya kukabidhiwa mnyama.

Wako wauonao utaratibu huu kuwa ni dhihaka. Husema kwamba mbwa wasio na wenyewe ni wengi njiani, na kwamba mtu mwema akijitokeza kumwokoa mmoja, si haki ahojiwe kama mshitakiwa. Neno hili si la kupuuzwa. Kila mbwa abakiye kituoni hushika nafasi ambayo mwingine mwenye dhiki angeliipata.

Hata hivyo, na tuitazame vema desturi ya kijijini kabla ya kuisifu kuwa haina masharti. Jirani haulizi kwa sababu ajua tayari. Ajua kama mwombaji huwapa wanyama wake maji. Amesikia jinsi mbwa wake wa kwanza alivyolia usiku kwa njaa. Kama mwombaji ni mtu katili, ataambiwa kwa upole kwamba watoto wote wamekwisha kuahidiwa wengine. Na hata baada ya kumtoa mbwa, jirani humwona kila apitapo njiani. Kituo cha mjini hakina ujuzi huo. Mwombaji hutoka mtaa wa mbali, na akiondoka na mbwa huenda asionekane tena. Basi maswali na ziara ya nyumbani hushika mahali pa ujirani. Havimtukani mtu, maana mbwa aliyeonewa hawezi kurudi kutoa ushahidi.

Ikiwa ndivyo, tumepata kipimo cha masharti yenyewe: sharti jema ni lile ambalo jirani mwenye busara angeliuliza. Je, mbwa atapata chakula na maji kila siku? Atafungwa mnyororo mchana kutwa? Atachanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zake zikiisha kuonekana kwa mtu, karibu kila mara humwua? Nani atamtunza mwenyewe akisafiri? Maswali haya maskini aweza kuyajibu sawa na tajiri.

Lakini sharti la ukuta wa mawe au la mshahara mnono hupima mfuko na kuuacha moyo. Ni kweli kwamba mjini, penye magari mengi, ua una faida yake. Lakini ua peke yake haulishi mbwa wala haumtibu. Mchungaji wa Tigania ashindaye malishoni pamoja na mbwa wake huenda akashindwa katika mtihani wa namna hiyo, na mwenye jumba kubwa, ambaye mbwa wake hafahamiani na mtu ila bawabu, akafaulu. Hapo kituo kitakuwa kimemdhulumu mtu, na mbwa pia.

Kenya inayo Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, nayo humwadhibu mtu ampigaye mnyama kikatili au amwachaye na njaa. Lakini adhabu huja baada ya jeraha, na swali huja kabla yake. Kwa hiyo nasema kwamba kituo kina haki ya kuuliza, mradi kiulize juu ya matunzo na si juu ya mali. Na kijana apewaye mtoto wa mbwa na jirani, bila ya kuulizwa neno, na ajiulize mwenyewe maswali yale yale kabla ya kumbeba kwenda naye nyumbani. Maana mbwa aweza kuishi miaka kumi na zaidi, na katika miaka hiyo yote hana mwingine wa kumtegemea.