JE, NDOTO YA MMOJA INATOSHA KUFUNGA UCHUMBA?

Somo: Mwanzo 24



Tunataka kuzungumza nanyi juu ya jambo linaloonekana mara nyingi katika parokia zetu. Kijana anafunga siku tatu, anaomba, kisha anaota ndoto. Katika ndoto anamwona dada mmoja wa kwaya, amevaa nguo nyeupe, anampa maji ya kunywa. Kesho yake anamfikia na kumwambia: «Dada, Roho amenionyesha kwamba wewe ndiwe bibi yangu.» Dada yule anashituka, kwa maana moyo wake hauko hapo. Lakini anaogopa. Akikataa, je, atakuwa amemkataa kijana, ao atakuwa amemkataa Mungu? Wakati mwingine anakubali kwa woga tu. Wazazi wanapokea mali, watu wanaimba na kucheza, na kisha nyumba inakuwa pahali pa kilio.

Basi swali letu ni hili: mtu akionyeshwa na Mungu jambo la ndoa, je, mwenzake analazimishwa nalo?

Mtu asidhani kwamba tunadharau ndoto na maono. Anayedharau unabii anakata mti anaokalia. Tunajua kwamba Mungu anasema na watu wake usiku na mchana. Tunachouliza ni kwamba anasema na nani, na juu ya kazi ya nani.

Tuangalie habari ya Isaka na Rebeka, kwa sababu hakuna habari ya uchumba iliyoelezwa kwa urefu hivi katika Biblia nzima. Ibrahimu alikuwa mzee, na Sara alikuwa amekufa. Hakutaka mwana wake aoe katika mabinti wa Kanaani. Akamwita mtumwa wake, msimamizi wa mali yake yote, akamwapisha aende mpaka nchi ya jamaa yake kumtafutia Isaka bibi. Mtumwa yule alikuwa mtu wa akili. Mbele ya kuapa aliuliza itakuwaje kama mwanamke atakataa kumfuata. Ibrahimu hakumwambia amshike kwa nguvu, wala hakumwambia amtishe kwa jina la Mungu. Alimjibu kwamba mwanamke akikataa, mtumwa atakuwa huru na kiapo chake. Na Ibrahimu ni mtu aliyesikia sauti ya Mungu kuliko sisi wote! Hata hivyo, mbele ngamia hawajafungwa mizigo, nafasi ya «hapana» ilikuwa imekwisha kuwekwa.

Mtumwa akaenda na ngamia 10. Akafika karibu na kisima jioni, saa ambayo wanawake wanatoka kuteka maji, akamwomba Mungu alama. Hakuomba alama ya rangi ya nguo, wala ya uzuri wa uso. Aliomba kwamba binti atakayemnywesha yeye, na kukubali kunywesha ngamia pia, awe ndiye. Ngamia mwenye kiu anaweza kunywa maji karibu lita 100. Ninyi mama na dada mnaobeba bidoni za lita 20 kichwani, pigeni hesabu. Hata kama kila ngamia alikunywa nusu tu, ni bidoni 25, na zote kwa ajili ya mgeni asiyemjua! Alama ile ilikuwa roho njema ya binti, yenye kuonekana kwa macho katika kazi. Na hata alipoiona, mtumwa hakupiga kelele. Alinyamaza, akamtazama, apate kujua kama kweli Bwana amefanikisha safari yake.

Kisha akafuata njia ya heshima. Aliuliza binti ni wa nani. Akaingia nyumbani mwa wazazi, akakataa kula mbele ya kusema neno lililomleta. Akaeleza yote wazi mbele ya Betueli baba na Labani ndugu ya Rebeka. Hao wakakubali kwamba neno limetoka kwa Bwana, na zawadi zikatolewa. Basi kulikuwa na maombi, kulikuwa na alama, wazazi walikubali, mali ilitolewa. Wengi wetu tungesema mambo yamekwisha. Lakini kesho yake asubuhi, jamaa walipotaka binti akae kwanza siku kumi, na mtumwa alipotaka kuondoka, walimwita Rebeka mwenyewe, wakamwuliza kwa kinywa chake kama atakwenda na mtu yule. Naye akajibu kwamba atakwenda.

Wengine watasema: aliulizwa tu juu ya siku ya safari. Lakini ndugu, safari ile ndiyo ilikuwa ndoa yenyewe. Na tangu mwanzo Ibrahimu alikuwa amesema kwamba neno hili linasimama ao linaanguka kwa kutaka kwake binti. Isaka alikuwa na miaka 40 alipomwoa. Alimwingiza katika hema ya Sara mama yake, akampenda, akafarijiwa. Upendo ule ulipata pahali pa kukaa, kwa sababu yule aliyeingia hemani hakuburutwa.

Kuna wanaotujibu hivi: «Mungu akikwisha kusema, kumwuliza binti ni kumshuku Mungu.» Tuwapeleke kwa Yosefu na Maria. Yosefu aliota ndoto, ni kweli, Matayo anaandika. Lakini Maria alikuwa mchumba wake tayari, na ndoto ile iliondoa woga wa Yosefu mwenyewe. Haikuwa amri ya kumpelekea Maria. Na Maria je? Luka anaandika kwamba malaika alikuja kwake yeye mwenyewe, akasikiliza swali lake, na hakuondoka mpaka amepata jibu lake. Kama Mungu, katika jambo kubwa kuliko yote, alisema na kila mmoja upande wake, sisi ni nani tuseme kwamba usingizi wa kijana mmoja unatosha kwa watu wawili?

Kuna sababu nyingine tena. «Ndiyo» ya uchumba si neno la siku moja. Tumkumbuke Mama Marie Muilu, bibi ya Papa Simon Kimbangu. Mwaka 1921, mwezi wa Septemba, bwana wake alikamatwa. Tarehe 3 Oktoba alihukumiwa kufa, kisha hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, akapelekwa mbali sana, Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Watoto wao watatu walikuwa wadogo. Wa mwisho alikuwa na miaka mitatu tu. Bwana wake alikufa gerezani tarehe 12 Oktoba 1951, baada ya miaka 30, bila kurudi nyumbani. Mama huyo aliwalinda waamini kwa siri wakati wote wa mateso, mpaka kufa kwake mwaka 1959. Mtu hawezi kubeba mzigo kama huo kwa «ndiyo» aliyoazimwa na mwingine. Siku ya taabu, aliyesukumwa anatafuta mlango wa kutokea. Aliyekubali mwenyewe anatafuta namna ya kusimama.

Hata sheria ya Leta inatuhukumu hapa. Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inataka kila mmoja akubali yeye mwenyewe, na bwana na bibi wawe wametimiza miaka 18. Inataka mali itolewe, hata sehemu tu, mbele ya ndoa kufungwa. Lakini inasema pia kwamba uchumba haumlazimishi mtu kuoa ao kuolewa. Leta haidai kusikia sauti ya Mungu, lakini inamwuliza kila mmoja. Itakuwa haya kwetu kama binti anapata uhuru kwa ofisi ya serkali na kuukosa katika nyumba ya Bwana.

Basi, tunawaambia ninyi vijana: ukiota ndoto juu ya dada, ilinde moyoni. Ombea, na umwambie mchungaji wako ao mzee anayejua kunyamaza. Kisha mtazame dada yule mchana, kama mtumwa wa Ibrahimu: katika kazi, katika maneno yake, na namna anavyowapokea wageni. Naye akutazame vilevile. Siku ya kumwuliza, iache ndoto nyumbani. Mwulize kama mtu anayeweza kujibiwa hapana. Akikukatalia, usimseme vibaya katika kwaya. Mungu aliyesema nawe hakosi njia ya kusema naye. Akikubali, nendeni kwa wazazi, na ndoto yako itakuwa ushuhuda wa ninyi wawili.

Ninyi dada: kumkataa mwanaume si kumkataa Mungu. Jibu kwa heshima, na kama unaogopa, mwambie mama yako ao shangazi akusemee. Lakini usiseme ndiyo kwa mdomo wakati moyo unasema hapana, maana hapo unamdanganya yeye pia.

Ninyi wazazi: mwiteni binti na kumwuliza mbele ya kupokea mbuzi na franka. Mali ikikwisha kuliwa, ni nani atathubutu kusema hapana? Na msimkatae kijana mwema kwa sababu tu mfuko wake ni mwepesi.

Nanyi manabii na waombezi, tunawasihi kwa upendo. Msitaje majina ya bibi na bwana mbele ya mkutano. Mkiona kitu, kiombeeni. Neno linalotoka kwenu lina uzito mkubwa, na binti wa miaka 19 hana nguvu ya kulisukuma. Mungu akitaka kuunganisha watu wawili, anajua nyumba zao zote mbili.

Bwana awabariki wachumba wote wa parokia zetu, na awape kupatana kwa moyo mweupe. Amina.