Kabla ya Kumtafuta Mchawi, Tupime Damu

Juma hili naomba tukae na Isaya sura ya 38. Mfalme Hezekia aliugua karibu kufa, akamlilia Mungu, akaongezewa miaka 15. Wengi wetu husoma tukaishia hapo. Lakini mwishoni mwa sura hiyo, nabii yuleyule aliyeileta ahadi anaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu la mfalme. Ahadi ilikwisha kutolewa, na bado dawa ikaagizwa. Sioni mahali Hezekia alipoambiwa achague kimoja.

Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu ya jinsi tunavyozika hapa kwetu. Baba wa makamo anaamka mzima, anakunywa chai, anakwenda kazini. Saa nne anashika kifua na kuanguka. Matanga hayajaisha, minong'ono imeshaanza, nayo humwangukia mzee mwenye mvi, mara nyingi mwenye shamba. Kaunti yetu ya Kilifi inajulikana nchi nzima kwa wazee kuuawa kwa tuhuma za uchawi. Kule Ganze, Kaya Godoma imekuwa kimbilio la wazee waliofukuzwa na jamaa zao. Moyo mmoja usiopimwa unaweza kuchimba makaburi mawili.

Sasa sikilizeni kinachotokea mwilini. Kolesteroli, yaani mafuta yaliyomo kwenye damu, si sumu. Sehemu kubwa hutengenezwa na ini letu wenyewe, na mwili hauwezi kuishi bila hiyo. Ile inayobebwa na chembe ziitwazo LDL ikizidi, hupenya kwenye kuta za mishipa ya moyo na kujijenga humo miaka 20, miaka 30, bila maumivu yoyote. Siku utando unaoifunika unapopasuka, damu huganda na njia hufungika. Kifo huonekana cha ghafla. Ugonjwa ulikuwapo siku nyingi.

Ukipimwa, usitosheke na jumla ya kolesteroli. Dereva yeyote wa lori aliyepita kwenye mizani yetu ya Mariakani anajua kwamba gari laweza kuwa halijazidi uzito wote, na bado likashikwa kwa ekseli moja. Karatasi ya maabara isomwe vivyo hivyo. Jumla inayoridhisha ni kama milimoli 5 kwa lita au chini yake. LDL iwe chini ya 3. Mwenye kisukari, au aliyekwisha kupata kiharusi, huambiwa aishushe zaidi. HDL, inayorudisha mafuta kwenye ini, isiwe chini ya 1 kwa mwanamume na 1.2 kwa mwanamke. Trigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya damu, zisizidi 1.7, nazo hupandishwa na chakula ulichokula karibuni, basi uliza kama unatakiwa kufunga kabla ya kutolewa damu. Kisha mwache daktari ayapime hayo yote pamoja na umri wako, sigara, sukari na presha. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta zaidi ya nusu ya watu wazima nchini hawajawahi kupimwa presha hata mara moja, na hicho ndicho kipimo rahisi kuliko vyote.

Wembamba si kinga. Wako waliorithi kolesteroli ya juu tangu tumboni mwa mama zao, na mishipa yao huziba wakiwa vijana. Kama baba au kaka yako alikufa kwa moyo kabla ya miaka 55, mwambie daktari bila kungoja kuulizwa.

Wala sikatazi chakula chetu. Mbaazi, mchicha na samaki ni rafiki wa moyo. Kinachotulemea ni tui zito kila siku, na mahamri na viazi karai vya mafuta yaliyorudiwa kuchemshwa.

Kwenu wachungaji wenzangu: mtu aliyeandikiwa statini, dawa ya kushusha kolesteroli, asiambiwe kwenye maombezi kwamba kumeza kidonge ni kukosa imani. Mwombeeni, kisha mwulizeni kama bado anazo dawa za kutosha.

Nanyi nyote mliofika miaka 40, nendeni mkapimwe mwezi huu. Na kwenye matanga, mtu akianza kumnyooshea mzee kidole, simama uulize kwa sauti: marehemu alipimwa damu lini?