Kununua Hisa: Ni Kazi au ni Kamari?

Kila mwaka ufuta na korosho vikiisha kuuzwa, huku Milola huulizwa swali ambalo sisi waalimu hatuna budi kulijibu: Mtu akitoa fedha yake kununua hisa za kampuni ndogo itafutayo mafuta au gesi, je, amefanya kazi, au amecheza kamari?

Si swali la nchi za mbali. Gesi iligunduliwa Songo Songo, katika Kilwa, mwaka 1974, ikaanza kutumika Dar es Salaam mwaka 2004. Tena mwaka 2014 kampuni iitwayo Swala iliuza hisa zake kwa watu wote katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, kila hisa kwa shilingi 500. Ilikuwa na vibali vya kutafuta mafuta Kilosa-Kilombero na Pangani, lakini kisima kilichokusudiwa Kilombero hakikuchimbwa.

Wako wasemao kwamba hiyo ni kamari tu, maana hakuna aonaye yaliyo chini ya ardhi. Twajibu: mkulima wa ufuta naye haioni mvua ijayo, wala hatumwiti mcheza kamari. Kutojua mwisho wa jambo si kamari. Kamari ni mmoja kupata kwa sababu mwenziwe amepoteza, pasipo kitu chochote kuongezeka. Mkulima akipata, ufuta umeongezeka, wala jirani hakupungukiwa.

Basi tuipime hisa kwa kipimo hicho. Inapouzwa mara ya kwanza, fedha huingia katika kampuni, ikalipa wapimaji na mtambo wa kuchimba. Mnunuzi huyo ameshika jembe pamoja na wengine. Lakini baada ya hapo hisa hupita mkono kwa mkono. Fedha humwendea aliyeuza, wala haiongezi hata futi moja ya kisima. Hapo yafaa mtu ajiulize: Nanunua kwa kuwa naiamini kazi hii, au kwa kuwa natumaini kumpata mwingine ajuaye kidogo kuliko mimi, nimwuzie kwa bei kubwa? Mwenye tumaini hilo la pili anangojea ujinga wa mwenziwe. Huyo ndiye mcheza kamari, ingawa ana hati mkononi.

Mtu aweza kusema: Pasipo mnunuzi wa pili hapatakuwa na wa kwanza, maana nani atafunga fedha yake mahali asipoweza kuitoa? Ni kweli; kwa hiyo hatulaumu soko. Twapima nia na ujuzi wa aingiaye sokoni.

Na ujuzi wa kwanza ni kufahamu kwamba kuona gesi si kuuza gesi. Kisima cha Kiliwani Kaskazini, huko Songo Songo, kilichimbwa mwaka 2008, gesi yake ikaanza kuuzwa mwaka 2016. Kisha nguvu ya gesi ikapungua, kisima kikasimama. Huko Ntorya, katika Mkoa wa Mtwara, gesi ilionekana mwaka 2012, na miaka 12 baadaye ilikuwa haijauzwa. Maana kisima chataka bomba, bomba lataka mkataba, na mkataba wataka mnunuzi awezaye kulipa. Wala wingi wa mali si kinga. Serikali ya Uingereza ilianza mpango wa karanga mwaka 1947, Kongwa, Urambo na hapa kwetu Nachingwea; ilipouacha mwaka 1951, zaidi ya pauni milioni 30 zilikuwa zimepotea.

Lakini liko jambo kubwa kuliko ujuzi, nalo ni hili: fedha hiyo ni ya nani? Ada ya mtoto, amana ya chama, akiba ya mama mzee, hizo si zetu kuzipeleka kisimani, hata kama kampuni ni njema. Mkulima apandaye mbegu zote pasipo kuacha chakula ghalani amewatia watoto wake katika hatari wasiyoulizwa. Tena wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi atoaye ziada yake mwenyewe, akaisoma hesabu ya kampuni, akakubali kungoja, huyo amefanya kazi, hata akipata hasara. Na akopaye ili anunue, kwa sababu amesikia jina la kampuni barazani, amecheza kamari, hata akipata faida.