Wakunga Wasiopigiwa Makofi

Soma: Kutoka 1:15–21, Kutoka 2:1–10, 2 Wafalme 11:1–3, Mathayo 6:1–4, Warumi 13:7.

Asubuhi ya Sabato, Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo likafukia watu waliokuwa wamekwenda kununua na kuuza kama siku nyingine. Kwa siku kadhaa waokoaji walitoboa zege, wakazungumza na walionaswa chini, wakawapitishia maji na hewa. Makumi ya watu walitolewa wakiwa hai. Wengine hawakuwahiwa. Hakuna Mtanzania aliyehitaji kufundishwa kwamba waokoaji wale wanastahili heshima, maana kazi yao ilionekana kwa macho.

Mitaa hiyohiyo ya Kariakoo ndiyo inayouzia sehemu kubwa ya nchi simu janja, vioo vya simu, chaja na laini. Simu inayotoka pale asubuhi, jioni inaweza kuwa mkononi mwa mtoto wa Buguruni, au imo ndani ya basi kuelekea Tabora. Kupitia kioo hicho mtoto anaweza kujifunza hesabu, na kupitia kioo hichohicho mtu mzima anaweza kumwomba picha asiyopaswa kuombwa, kisha akamtishia kuisambaza. Hapo pia mtoto hufukiwa, ila hakuna vumbi linalopanda wala kishindo kinachosikika nyumba ya pili.

Mwaka 2022 ECPAT, INTERPOL na ofisi ya utafiti ya UNICEF walitoa ripoti juu ya Tanzania. Iligundua kwamba asilimia 67 ya watoto wa miaka 12 hadi 17 wanatumia intaneti. Kati ya wanaoitumia, asilimia 4 walikuwa wametendewa unyonyaji au ukatili mkubwa wa kingono kupitia mtandao katika mwaka mmoja tu. Waandishi walikadiria kuwa ni watoto wapatao 200,000. Mara nyingi mtendaji hakuwa mgeni wa mbali, bali mtu ambaye mtoto alimfahamu tayari. Na wachache sana walipeleka habari polisi au kupiga simu ya msaada.

Soma Kutoka 1:15–21. Ni kitu gani hasa walichofanya Shifra na Pua?

Jibu linashangaza likitazamwa polepole. Kilichotokea mikononi mwao ni kwamba kitu fulani hakikutokea. Mtoto alizaliwa, akalia, akanyonya, kama mtoto mwingine yeyote. Jirani aliyepita mlangoni hakuona muujiza. (Madarasa mengi hukwama kwenye swali la jibu walilompa Farao, kama lilikuwa uongo au la. Ni swali zuri, lakini lisimeze fungu zima.) Maandiko yanahifadhi majina ya wakunga hawa wawili, huku jina la Farao aliyewaamuru wala halitajwi. Katika nchi iliyojaa majina ya wafalme yaliyochongwa kwenye mawe, Mungu alichagua kuandika ya wanawake wawili ambao ushahidi wa kazi yao ulikuwa watoto wanaocheza uani.

Kazi ya kuwalinda watoto mtandaoni inafanana sana na hiyo. Tanzania ina Simu ya Taifa ya Huduma kwa Mtoto, namba 116, isiyotozwa malipo, inayoendeshwa na shirika la C-Sema kwa kushirikiana na serikali. Anayeipokea husikiliza sauti ambayo pengine inanong'ona, hutuliza, huuliza kwa uangalifu, kisha huunganisha mtoto na afisa ustawi wa jamii au polisi. Katika vituo vya polisi yapo madawati ya jinsia na watoto. Nje ya nchi, huko Uingereza, taasisi ya Internet Watch Foundation imekuwa tangu 1996 ikipokea taarifa za picha za watoto wanaodhulumiwa na kuhakikisha zinaondolewa mtandaoni. Tanzania ina ukurasa wake wa kupokea taarifa uliounganishwa nayo. Wachunguzi wa taasisi hiyo hulazimika kutazama kile ambacho hakuna mtu anayepaswa kukitazama, ili mtoto asitazamwe tena na wengine. Kazi hiyo huwaumiza, ndiyo maana hupewa ushauri nasaha kama sehemu ya ajira yao. Kazi ikifanikiwa, picha haipo. Ni nani atakayepiga makofi mbele ya ukurasa mtupu?

Basi je, watu hawa waheshimiwe hadharani? Hapo ndipo mafungu mawili yanapoonekana kuvutana. Katika Mathayo 6:1–4 Yesu anaonya juu ya wema unaotendwa ili uonekane na watu. Katika Warumi 13:7 Paulo anaiweka heshima katika orodha moja na kodi na ushuru, yaani anaiita deni. Ukiangalia kila fungu linazungumza na nani, mvutano unapungua. Yesu anasema na anayetenda: asiitafute sifa. Paulo anasema na anayedaiwa: asikwepe kulipa. Unyenyekevu wa mwenye kutenda haufuti deni la waliofaidika. Mama ambaye binti yake alisaidiwa hawezi kusema, "Yule dada wa 116 hakutaka shukrani, basi sisi hatudaiwi."

Lakini deni hili linalipwaje? Yehosheba anasaidia kufikiri. Alimwiba Yoashi mchanga kutoka kati ya wana wa mfalme waliokuwa wakiuawa, akamficha Athalia asimwone, na mtoto akakaa amefichwa nyumbani mwa Bwana miaka sita. Laiti mtu mwenye nia njema angesimama langoni mwa Yerusalemu katika mwaka wa pili na kumsifu Yehosheba kwa ushujaa wake, Yoashi angekufa jioni ileile. Heshima iliyotolewa vibaya inaua kile inachokiheshimu.

Onyo hilo linahusu siku hizi moja kwa moja. Sherehe ya kumtunuku mlinzi wa watoto ambayo inamsimamisha jukwaani mtoto aliyeokolewa, aeleze yaliyompata huku simu zikirekodi, inamrudisha mtoto huyo mtandaoni kwa mlango mwingine. Cheti ni kitu kizuri. Hakihitaji uso wa mtoto ili kiwe na uzito. Tena sifa ina hatari nyingine ambayo kanisa halina budi kuitamka: anayetaka kuwadhuru watoto hupenda kuitwa rafiki wa watoto, kwa sababu jina hilo humfungulia milango. Mtu asiachwe peke yake na watoto, wala kupewa namba zao za simu azungumze nao faraghani, kwa kuwa tu alituzwa mwaka jana. Aliye mlinzi kweli hataudhika kwa kuulizwa. Yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kuuliza.

Kuna kosa jingine linalofanywa na watu wema. Picha au video ya mtoto aliyedhalilishwa inapoingia kwenye kundi la WhatsApp la familia, au la kwaya, mtu huisambaza akiongeza, "Wazazi, kuweni macho." Amedhani analinda. Kwa mtoto aliyemo kwenye video, macho mengine mia mbili yameongezeka. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu kuchapisha ponografia ya watoto kwa faini isiyopungua shilingi milioni 50, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Kinachotakiwa ni kutoa taarifa kwa wahusika na kutosambaza.

Tangu mwaka 2009 Waadventista wana kampeni iitwayo enditnow, iliyoanzishwa na Idara ya Huduma za Wanawake pamoja na ADRA, na Sabato ya nne ya Agosti hutengwa kwa ajili ya kuzuia ukatili. Hubiri la siku moja ni mwanzo. Swali gumu ni nani katika kusanyiko anayejua namba 116 kwa kichwa, na kama mtoto wa miaka 12 katika darasa la watoto anaijua. Watoto wengi humwambia rafiki kabla ya kumwambia mzazi. Soma tena Kutoka 2:4. Aliyesimama mbali kuangalia kisafina alikuwa msichana, na ndiye aliyejua la kumwambia binti Farao wakati ulipofika. Watoto wakifundishwa la kusema na mahali pa kukimbilia, Miriamu wengi watapatikana.

Kwa majadiliano ya darasa: Tuseme yuko fundi simu mwenye meza yake Kariakoo, mshiriki wa kanisa. Mteja wa siku nyingi anamletea simu yenye kioo kilichopasuka na kumwambia, "Kaka, hamisha picha zote kwenye hii mpya." Picha zinapopita, fundi anaona mtoto, na anaelewa anachokiona. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye habari za mtoto kunyimwa haki zake atoe taarifa kwa serikali ya mtaa. Fundi hanakili chochote, wala hamwonyeshi jirani. Anakwenda kutoa taarifa.

Wiki zinazofuata polisi wanafika mezani kwake mara mbili. Wateja wanaona. Mtaani inasemwa kwamba fundi ana kesi ya picha chafu, na habari inafika kanisani kabla yake. Wateja wake wanapungua. Anaulizwa na mzee wa kanisa, naye anajibu kwamba hawezi kueleza, kwa sababu akieleza, mtoto huyo atajulikana. Anaishi mitaa miwili tu kutoka pale. Sabato inayofuata jina lake limeondolewa kwenye orodha ya mashemasi wa zamu, "mpaka mambo yatulie." Anakaa benchi la nyuma. Darasa linajua kwamba amekataa kusema, na halijui zaidi ya hapo. Kati ya Mathayo 6 na Warumi 13, darasa linamdai nini, na yeye analidai nini darasa?