Fimbo Isiyo Yake

Mwalimu wa mazoezi hana ruhusa ya kushika fimbo, na huo ndio mtaji wake. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinampa mkuu wa shule, au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, mamlaka ya kuchapa viboko visivyozidi 4, na kila adhabu iandikwe kitabuni (wangapi huandika, hilo ni jingine). Kwa hiyo mwanachuo anayeletwa huku Kisaka, wilayani Serengeti, akakabidhiwa darasa la sita lililobanana watatu watatu kwenye dawati, hana budi kutafuta njia nyingine mapema. Huanza na sauti, nayo humkauka kabla ya mapumziko. Baadaye hung'amua kwamba kelele huzaliwa anapowapa mgongo kuandika ubaoni: waliomaliza kunakili hawana la kufanya, na minong'ono ya Kingoreme inaanzia dawati la nyuma, pale dirishani, ng'ombe wanapoonekana wakipita. Siku atakayokuwa na maswali ubaoni kabla kengele haijalia, na akamwita yule wa nyuma kwa jina badala ya "wewe mwenye sweta", hatakuwa na haja ya kupaza sauti. Kazi ngumu kwa kweli ni hayo majina. Chacha watatu, Bhoke wawili, Marwa ndio usiseme. Basi itambidi ashike na jina la baba wa kila mmoja.